Saa ya Baba Mkwe

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa mapumzikoni kazini, Louisville, nimekaa juu ya boksi tupu nakula wali wa jana. Hakunisalimia. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu: "Yaya, saa ilisimama. Papa anatuita ku Buffalo, siye bote. Anasema tulimupa kitu ya kufa."

Nilijua mara moja ni saa ipi na ni papa yupi. Niliweka kijiko chini. Mdogo wangu alikuwa amebakiza miezi michache aoe, na mzee tuliyemposea binti yake hakuwa mtu wa kuchezewa. Kabla yetu alishamrudisha mposaji mmoja kutoka jimbo jingine, kwa sababu suti aliyomletea ilimpwaya mabegani, na kijana akacheka alipomwona nayo. Vitu vyote vilirudi kwenye mifuko, na yule kijana aliondoka bila kupewa hata maji ya kunywa. Habari hiyo ilizunguka makanisa yetu yote, kuanzia Kentucky hadi New York. Kwa hiyo niliposikia "kitu ya kufa" akili ilinikimbilia huko. Nilimwona mdogo wangu anatoka kwenye ile nyumba ya Buffalo na mifuko mkononi, na binti amesimama dirishani.

Nieleze kwanza ile saa ilivyofika kwa mzee.

Kwetu, watu wa Kivu, anayeposa anamvika baba wa binti. Ng'ombe tunawataja, lakini hapa Marekani ng'ombe hubaki kuwa maneno. Mavazi ndiyo yanayoonekana: suti, kofia, viatu. Huyu mzee aliongeza saa. Alituma neno kupitia msemaji wake kwamba anataka saa ya kweli, ya mashine, isiyo na pile, yaani isiyo na betri. Saa ya pile, alisema, ni ya watoto wa shule.

Kazi ya kuitafuta ikaniangukia mimi. Wazazi wetu hawapo. Huyu kijana nimemlea tangu tukiwa kambi ya wakimbizi, nikamvusha bahari, nikamsimamia shuleni, nikamfukuza kwenye marafiki wabaya. Mimi ndiye baba yake na mama yake, ila siku ya mazungumzo ya mahari mimi ni mwanamke tu, mahali pangu ni jikoni. Hilo lilikuwa linanichoma tangu mwanzo, na sitajifanya halikunichoma.

Sikuwa najua chochote kuhusu saa. Nilikwenda dukani, nikauliza, nikarudi nyumbani na saa mbili za mkono ndani ya mfuko mmoja. Muuzaji alikubali nikae nazo wiki kadhaa kisha nirudishe nisiyoitaka. Hazikuwa saa za matajiri, wala hazikuwa zile za kutandazwa kwenye meza barabarani. Zilikuwa za katikati, za mtu anayefanya kazi na kujinyima. Bei zake zilikaribiana, na zote mbili ziliniuma.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, ya kujijaza yenyewe. Ndani yake mna kipande cha chuma mfano wa nusu ya kisahani, kinazunguka kila mkono unapotikisika, na kule kuzunguka ndiko kunakokaza springi. Mgongo wake ni kioo, kwa hiyo ukiigeuza unakiona kile chuma kinavyohangaika. Uso ni wa bluu iliyokolea, mkanda wa chuma, na pembeni kuna dirisha dogo la tarehe. Ni nzito. Ukiivaa unajua umevaa kitu.

Ya pili ilikuwa ya Kijerumani, ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Kila asubuhi unashika kile kitufe cha ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, unakizungusha polepole mpaka kinakataa. Uso mweupe, namba nyeusi nyembamba, mkanda wa ngozi ya kahawia. Haina tarehe, haing'ai gizani, na ukiosha vyombo ukiwa umeivaa, ngozi inanuka siku nzima. Lakini ilikuwa nyembamba kiasi kwamba iliingia chini ya mkono wa shati bila kubisha hodi.

Nilizivaa zote, moja kila mkono, nikaenda nazo kazini. Kazi yangu ni kupanga vifurushi kwenye ghala, mikono inapanda na kushuka tangu naingia hadi natoka. Mwenzangu Mkenya alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mathe," akasema, "kwani hiyo ingine ni ya Congo time?" Nikamwambia ndiyo, na kwa saa ya Kongo wewe umeshafukuzwa kazi. Akarudi kwenye vifurushi vyake akiwa bado anacheka.

Ile ya Kijapani ilifurahia ghala. Kila kifurushi nilichoinua kiliijaza. Ilikimbia mbele kidogo kila siku, wakati ile ya Kijerumani ilibaki nyuma kidogo, hata ilipofika mwisho wa wiki mkono wa kulia na wa kushoto ilikuwa haielewani. Ya Kijapani niliipenda kwa nguvu zake. Unaigonga kwenye chuma cha rafu, inaendelea. Ya Kijerumani niliiogopea, nikawa navuta mkono wa koti kuifunika. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, kabla mtoto wangu hajaanza kunijibu kwa Kiingereza, nilikuwa na kile kitendo kidogo cha kuitia ufunguo, na nilianza kukipenda. Kwa muda ule mfupi hakuna aliyenidai kitu.

Kisha zikaja siku za mapumziko. Ijumaa jioni niliivua ile ya Kijapani, nikaiweka dirishani, nikaisahau. Jumapili narudi kutoka kanisani naiona imesimama. Nilidhani nimeiharibu na muuzaji hataipokea. Nikaishika, nikaitikisa kidogo, mshale mwekundu wa sekunde ukaanza kutembea tena. Basi nikaelewa: hii isipovaliwa inasimama. Ile ya Kijerumani nayo husimama usipoitia ufunguo, ila hiyo haihitaji mkono wa mtu kuivaa, inahitaji tu mtu wa kuikumbuka.

Nilizipeleka zote mbili Columbus, kwa mdogo wangu. Anaishi pale Northland, katika vyumba vilivyo nyuma ya duka la vyakula vya kwetu, karibu na Morse Road. Tulizilaza juu ya kitambaa mezani. Hakuchukua muda, mkono wake ulikwenda kwenye ile ya bluu.

"Iyi ya nyeupe iko sawa vile saa ya mwalimu wa zamani," akasema. "Papa atazani tuliiokota."

"Njo ile aliomba," nikamwambia, yaani ndiyo hasa aliyoiomba. "Mutu anakatala pile, anapenda azungushe yeye moya. Na iyi ya bluu isipovaliwa inasimama. Niliona na macho yangu."

"Yaya, ule muzee anafanya kazi ku kiwanda. Bon, mikono yake hailalake. Itasimama lini?"

"Siku ya konji, ya kupumuzika?"

"Siku ya konji iko ku kanisa anapiga makofi."

Nilicheka, na nikicheka huwa nimeshindwa. Ndoa ilikuwa yake. Tukachagua ile ya Kijapani. Ya Kijerumani nilisema nitairudisha dukani, nikaivaa tena njiani kurudi Louisville, na sikuirudisha.

Siku ya kupeleka vitu, mwanzoni mwa majira ya baridi, mzee aliipokea mbele ya watu wote. Aliipeleka sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Msemaji wetu, aliyetuzungumzia mambo ya mahari, alinong'ona kwamba tumepita. Ndipo dada wa mzee, shangazi wa binti, akakusanya vyote, suti na kofia na viatu na kiboksi cha saa, akavifunga kwenye kitenge na kuvitia kabatini.

Na hapa ndipo tulipokosea sote, kosa ambalo Mzungu asingelifanya hata akitaka. Mzungu angeivaa saa yake siku hiyo hiyo. Kwetu vitu vya mahari baba havai hadi asubuhi ya harusi. Akivaa mapema watu watasema ana tamaa, amekula chakula kabla ya sala. Sisi wote tunalijua hilo, mimi nimekulia ndani yake, mdogo wangu pia. Tulipima mikono ya mzee, tukapima kazi yake, tukapima hata makofi yake ya kanisani. Hakuna hata mmoja wetu aliyelipima kabati.

Sasa mzee alikuwa amefungua kiboksi na kuikuta imesimama. Mtu wa kanisani kwao akamwambia siku hizi saa za uongo zimejaa, zinatembea siku ya kupewa tu. Shangazi akaongeza yake, kwamba saa ya harusi ikisimama kabla ya harusi, hilo si jambo la kupuuzwa.

Dawa yake ilikuwa nyepesi, mtu aivae tu. Lakini nani angemwambia? Mposaji hazungumzi na baba mkwe kuhusu zawadi, haruhusiwi hata kumpigia simu. Binti alijaribu kumweleza baba yake, naye akamuuliza, "Nani alikutuma?" kisha akakificha kiboksi. Mimi nikampigia msemaji wetu, mzee wa kanisa wa Columbus, mtu mtaratibu anayevaa tai hata akienda kununua maziwa. Nilimweleza yote, mpaka kile chuma kinachozunguka.

"Mama," akasema, "mambo ya mashine mi siyajui. Bakwe habafundishwake. Tutaomba musamaha, tutatoa amende, feza ya kosa, inaisha."

"Tukiomba musamaha, tulikubali tulileta kitu ya uongo. Atarudisha vitu vyote, kama ule wa kwanza."

"Acha wanaume baseme. Weye utakuwa ku jikoni."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichemsha damu. Mtu akikutukana unajua la kumjibu.

Ijumaa niliendesha kutoka Louisville hadi Columbus, nikawachukua mdogo wangu na msemaji pale Morse Road, tukaendelea kaskazini. Baada ya Cleveland theluji ya ziwani ilianza kutujia pembeni. Mdogo wangu alikaa nyuma. Alikuwa amekonda, koti la kanisani limemlegea shingoni. Aliomba tusimame kwenye kituo cha mafuta, akaingia chooni, akatoka na uso umelowa maji. Nilimpa biskuti, akaishika mkononi hadi ikavunjika.

"Akirudisha vitu," akasema baadaye, "yeye hatanifuata bila baraka ya papa wake. Aliniambia wazi. Anasema papa hana mutu mwingine."

Hilo tulilijua. Mama wa binti alifia kambini binti akiwa bado ananyonya, na mzee hakuoa tena. Msemaji alisafisha koo, akatazama mkono wangu uliokuwa kwenye usukani.

"Na iyo njo ile saa ya pili?"

Nikasema ndiyo.

"Bon. Mungu anajua kupanga. Tutabadirisha. Tutamupa iyo, tutakamata ile ingine."

Nilikaza macho barabarani. Nilitaka kumwambia saa yangu si ya kuzimia moto. Lakini nilimwona mdogo wangu kwenye kioo, amenyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tutoke, ana matumaini. Nikasema sawa. Tulilala kwa ndugu wa msemaji, mtaa wa Kensington-Bailey hapo Buffalo, na asubuhi niliitia saa yangu ufunguo taratibu kuliko siku zote, nikihesabu kwamba ni mara ya mwisho.

Nyumba ya mzee iko mtaa wa Black Rock, nyumba ya mbao aliyoinunua mwenyewe na kuipaka rangi mwenyewe. Wanaume walikaa sebuleni, sisi tukapelekwa jikoni. Kati ya jikoni na sebule hapakuwa na mlango, palikuwa na uwazi tu, kwa hiyo niliona kila kitu. Shangazi alikuwa anakoroga sombe, yaani kisamvu. Binti alisimama kwenye sinki akiosha kikombe kilekile ambacho tayari kilikuwa safi. Aliponiona alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Saa kusimama mbele ya arusi," shangazi akasema, akiongea na sufuria, "mi sijaonaka."

Nilichukua kisu nikaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyeniomba nivikate.

Sebuleni walisali, wakaulizana habari za safari, wakaulizana tena. Kisha mzee akaingia chumbani, akarudi na kiboksi. Alikifungua na kukiweka katikati ya meza, akakigeuza kimwelekee msemaji wetu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri daktari.

"Mulinipa iyi," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ile ilikuwa inatembea. Nilifungua, ilisha simama. Mimi niko na mutoto moya. Mutu anakuya kuniomba mutoto moya, ananiletea kitu ya kufa. Munieleze."

Msemaji alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Papa, tunakuya chini ya miguu yenu. Kama familia, tuliona aibu sana..."

Aibu ya nini, nilisema moyoni. Nikakigonga kisu juu ya ubao.

"...donc, tulitafuta namna ya kutengeneza. Mama, leta ile saa."

Watu wote waligeuka kutazama jikoni. Niliivua. Mkanda ulikuwa bado na joto la mkono wangu. Nilipita kwenye ule uwazi nikainama, nikaiweka mezani kando ya ile nyingine, nikarudi nyuma, nikabaki nimesimama pale kwenye uwazi na kitambaa cha jikoni begani.

Zikawa zimelala pale, zote mbili, kama nilivyozilaza mara nyingi mezani kwangu. Ile ya bluu, nzito, nzuri, kimya. Ile nyeupe, nyembamba, inatembea. Mtu yeyote asiyezijua angesema ipi ni nzima na ipi ni mbovu, na angekosea. Mzee aliichukua yangu, akaipeleka sikioni.

"Iyi iko natembea."

"Ndiyo, Papa," msemaji akasema haraka, "na tuko tayari kubadirisha hata sasa..."

"Nilikuuliza?"

Msemaji alikaa.

"Iyi ni ya nani?"

"Ya dada ya muvulana, Papa. Yeye njo alinunuaka zote mbili."

Mzee aliniangalia. Ana macho mekundu ya watu wanaofanya kazi karibu na tanuri. "Aseme yeye," akasema.

"Mwanamuke aseme mu mambo ya dot, mambo ya mahari?" shangazi akauliza nyuma yangu. Mzee aliinua kiganja, bila kumtazama, na shangazi akarudi kwenye sufuria.

Nilikuwa nimeisubiri nafasi ile tangu siku ya simu, nimeipanga hotuba yangu barabarani kilomita baada ya kilomita. Mdogo wangu alikuwa anaangalia sakafu. Nikapiga moyo konde.

"Papa," nikasema, "iyi yangu inatembea juu ya vile naitiaka ufunguo kila asubui. Hata ikilala ku meza, nikiikumbuka, inatembea. Ile yenu haina iyo kazi. Inatembea na mutu. Mutu akiivala, iko nzima. Akiiweka mu kabati, inasimama. Tulijua hamutaivala mbele ya arusi, na hatukufikiri. Iyo njo kosa yetu. Lakini haikufa, Papa. Hatukubadanganya. Na juu ya uongo, siombe musamaha, juu hakuna uongo."

Sentensi ya mwisho sikuipanga. Ilitoka na hasira zote za jikoni. Msemaji alifumba macho. Nilisikia maji ya sinki yakiendelea kutiririka, na nikaanza kufikiria mifuko, ni wapi wataitoa mifuko ya kurudishia vitu, na nani atambebea mdogo wangu ile kofia.

Mzee aliirudisha saa yangu mezani. Aliisogeza kidogo, ikae sawa na ile nyingine.

"Najua," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Msemaji alifumbua jicho moja.

"Najua inatembea na mutu. Wiki ya kwanza niliivala ku kazi, chini ya koti, watu basione. Ilitembea muzuri. Nilikuwa nainua chuma, naisikia ndani kama mutoto anageuka. Kisha nikaivula."

"Uliivala?" Shangazi alikuja hadi kwenye uwazi na mwiko mkononi. "Mbele ya arusi? Weye? Juu ya nini sasa ukaivula?"

Mzee alikuwa anafuta kioo cha ile saa ya bluu kwa kidole, ingawa hakikuwa na uchafu.

"Juu nilipenda isimame," akasema. "Nikiivala, mutoto anaenda. Donc niliiweka. Kila siku nikitoka ku kazi nafungua, nachungulia. Siku ilisimama nilifurahi. Nikasema, sasa niko na kitu ya kusema."

Maji ya sinki yalikatika.

Nilimkasirikia. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amemwacha mtoto wa watu akonde, ametuvusha majimbo matatu kwenye theluji, amemfanya mzee wa kanisa ajidhalilishe, na muda wote alijua. Nilikuwa tayari kumwambia. Kisha nikamtazama mdogo wangu kwenye kile kiti cha plastiki, kichwa chake ambacho nilikinyoa mimi hadi alipofika umri wa kuona haya. Nilimwelewa yule mzee kuliko nilivyotaka kumwelewa.

Binti alinipita pale kwenye uwazi akijifuta mikono kwenye sketi. Hakupiga magoti kama inavyotakiwa. Alikaa juu ya mkono wa kochi la baba yake, kama alivyokuwa akikaa, nadhani, tangu utotoni, akaitoa ile saa kwenye kiboksi.

"Leta mukono, Papa."

Mzee alimwambia kitu ambacho hatukukisikia. Binti akamjibu kwa Kiingereza kwamba Columbus si mbali. Mzee akatikisa kichwa, kwa namna ya mtu anayejua umbali wa kila kitu, lakini mkono aliutoa. Kifungo cha mkanda kiligoma. Akajaribu tena. Kilipofunga, ule mshale mwekundu ulikuwa umeshaanza kutembea. Msemaji wetu alitoa leso, akaitoa mfukoni miwani ambayo hakuwa ameivaa, akaifuta.

Tulikula. Chakula kilikuwa kizuri na sikumbuki ladha yake. Shangazi aliniongezea samaki bila kuniangalia, na nilijua ndiyo samahani yake. Mzee hakula. Tulisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, tukaendelea kuzungumza kwa sauti ya juu kidogo, kila mtu akijifanya hajasikia.

Saa yangu nilirudishiwa pale pale mezani. Nikaivaa.

Tulipotoka kuondoka, theluji iliyoanguka wakati wa mazungumzo ilikuwa imefika kwenye magurudumu. Mzee alikuwa nje na sepetu, anachimbua njia kuzunguka gari letu. Hakuvaa glovu. Mikono ya koti alikuwa ameipandisha, na ile saa ya bluu ilikuwa inapanda na kushuka na sepetu, imelowa, ameivaa mbele ya majirani wote na harusi bado. Aliendelea kuchimba hata baada ya magurudumu kuwa wazi. Alichimba hadi barabarani, akasafisha na kile kipande cha lami ambacho gari lingepita kwa dakika moja tu.

Mdogo wangu alimkimbilia apokee lile sepetu. Mzee alikataa kwa bega. Alimaliza mwenyewe, akalichomeka sepetu kwenye lundo la theluji, akasimama akihema, uso umelowa na sikuangalia ni kwa nini.

"Asubui," akamwambia mdogo wangu, "usimusemeshe mbele hajakunywa chai. Mama yake alikuwa vile vile."

"Ndiyo, Papa," mdogo wangu akasema.